Masta ya mitaala na upimaji kwa mwalimu wa Dar: Mlimani, Huria, Upanga au London?

Mwalimu wa Dar es Salaam anayetaka shahada ya uzamili katika mitaala, ufundishaji na upimaji ana milango minne ya kugonga. Upo Mlimani, kwenye Shule Kuu ya Elimu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Upo Chuo Kikuu Huria, ambacho makao makuu yake yako Kinondoni, barabara ya Kawawa. Upo Upanga, kwenye taasisi ya elimu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan. Na upo ule wa kupanda ndege, ambao kwa fani hii mara nyingi huishia London.

Wengi huanza kulinganisha kwa ada na nauli. Havipuuziki, maana mshahara tunaujua. Ila mimi naviweka nyuma ya swali jingine: tasnifu yako itahusu nini, na nani ataisimamia? Kozi za darasani zina ratiba, zina mitihani, zina wenzako wa kukusukuma, na wengi huzivuka. Tasnifu haina kengele. Hapo ndipo mtu anakwama mwaka wa pili, wa tatu, ada ya usajili inaendelea kudaiwa na ndugu wanaendelea kuuliza mahafali ni lini. Kwa hiyo ulinganisho huu umeegemea huko.

Kwanza hakikisha ni fani yenyewe unayoitaka

Walimu wengi wanaosema wanataka masta ya elimu wanataka ya uongozi na utawala. Sababu inaeleweka: ukuu wa shule, uafisa elimu kata, ofisi ya halmashauri. Kama ndiyo shabaha yako, kasome uongozi bila aibu, na njia zote za hapa nchini zinakupokea. Mitaala na upimaji ni kazi ya namna nyingine. Inakupeleka kwenye uandishi wa vitabu vya kiada, uandaaji wa mihtasari, utungaji wa mitihani, ukufunzi wa vyuo vya ualimu, na miradi ya elimu ya mashirika. Waajiri wakubwa wa fani hii, Taasisi ya Elimu Tanzania (TET, inayoandaa mitaala) na Baraza la Mitihani (NECTA), wamekuwa hapahapa Dar tangu miaka ya sabini: NECTA iliundwa kwa sheria ya 1973, na TET, wakati huo ikiwa taasisi ya mitaala, kwa sheria ya 1975.

Upande wa mitaala una nadharia nyingi. Utakutana na Ralph Tyler wa Chicago na maswali yake manne ya 1949: shule inakusudia nini, uzoefu gani utafikisha hapo, upangweje, na tutajuaje kama tumefika. Utakutana pia na waliompinga. Kwa Mtanzania, mjadala huo una ladha ya pekee kwa sababu tuna Elimu ya Kujitegemea ya 1967, ambayo ni hoja ya mtaala kabla ya kuwa hoja ya siasa. Ukipenda kubishana kuhusu somo gani liingie na lipi litoke, utafurahi.

Upande wa upimaji ni hesabu, na watu huushtukia wakiwa ndani. Jipime kwa mfano huu. Umetoa jaribio kwa wanafunzi 40, na swali la tatu limejibiwa sahihi na 30. Kiwango chake cha urahisi ni 0.75. Sasa wapange wanafunzi kwa alama za jumla, chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini, yaani 11 na 11. Kama juu wamepata 9 na chini wamepata 3, tofauti ni 6, gawa kwa 11, unapata kama 0.55. Swali hilo linatofautisha vizuri aliyeelewa na asiyeelewa. Ikiwa chini wamepata wengi kuliko juu, swali lina kasoro, au jibu ulilolitia kwenye mwongozo wa kusahihishia ndilo lenye kasoro. Kama aya hii imekuchosha, fikiria upya. Kama umeanza kukumbuka swali fulani la mtihani wa moko lililokutia shaka, wewe ni mtu wa huku.

Na si mchezo wa tarakimu tu. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Serikali iliunda tume, yale matokeo yakafutwa, yakatangazwa mapya. Karatasi za majibu zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni utaratibu wa kupanga madaraja. Mtu aliyesoma upimaji anajua kwamba kati ya alama aliyoandika msahihishaji na daraja linalobandikwa ukutani kuna maamuzi kadhaa ya binadamu. Hayo ndiyo anayoyasomea.

Mlimani na Huria, kwa wengi wetu ndipo penye uamuzi

Njia mbili za mwanzo ndizo zinazoamua maisha ya walimu wengi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mlimani una idara ya saikolojia ya elimu na mitaala, na faida yake kubwa ni wingi wa watu mahali pamoja. Kwa upande wa upimaji hilo lina uzito. Unapokwama kwenye takwimu saa tisa alasiri, kuna mtu mlango wa tatu anayejua, na kama hayupo, kuna mwanafunzi wa uzamivu anayekula chakula cha mchana kantini. Kuna maktaba mpya iliyofunguliwa mwishoni mwa 2018 kwa msaada wa China, ambako unaweza kukaa siku nzima bila mtoto kukuita. Kuna semina ambapo pendekezo lako la utafiti linachanwachanwa mbele ya wenzako, jambo linalouma siku hiyo na kukuokoa mwaka unaofuata.

Gharama ya Mlimani ni muda wako. Kusoma mchana kunahitaji ruhusa ya mwajiri, au shule binafsi yenye mkuu mwenye roho nzuri sana. Baadhi ya programu za uzamili hutolewa jioni, na orodha hubadilika, kwa hiyo uliza mwaka unaoomba usije ukategemea habari za rafiki aliyemaliza zamani. Halafu piga picha ya safari. Anayefundisha Sinza au Kimara anaweza kutoka kazini na kuwahi kipindi cha jioni. Anayefundisha Chanika au Kongowe atafika nusu yake, amechoka, na atarudi nyumbani usiku. Sitamshauri mtu wa Chanika mwenye watoto wadogo asome jioni Mlimani kwa miaka miwili, hata chuo kikiwa kizuri namna gani. Afadhali aombe ruhusa asome mchana, au aende Huria.

Watu wa Temeke huuliza kuhusu DUCE, kile Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu pale Chang'ombe. Ni tawi la Mlimani tangu 2005, lilipokuwa limerithi majengo ya chuo cha ualimu cha zamani. Kwa wao ni karibu zaidi, kwa hiyo tazama kwanza kama mwaka huo wana programu inayokufaa kabla ya kujipangia foleni ya Ubungo.

Huria kiliundwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu kama sisi: tuliokwisha kuajiriwa, wenye familia, tusioweza kuacha kazi. Kina uzamili unaohusu moja kwa moja ubunifu na uandaaji wa mitaala, si elimu kwa jumla. Unasoma kwa mtandao na kwa vitabu, unakutana na wakufunzi kwa vipindi, unafanya mitihani kwenye kituo. Kwa Dar peke yake kina vituo Kinondoni, Ilala na Temeke. Hufundishi Jumatatu ukiwa na hatia ya kukosa kipindi cha jioni. Ukihamishwa kwenda Kilwa katikati ya masomo, unahama na masomo yako. Kwa mtumishi wa umma hilo si jambo dogo, kwa sababu barua ya uhamisho haikuulizi kama una semista.

Kuna dharau ya chinichini kwamba masta ya Huria ni nyepesi. Sikubaliani nayo. Tume ya Vyuo Vikuu inavisimamia vyote kwa mwongozo mmoja, na cheti ni shahada ya uzamili ya chuo kikuu cha umma. Ugumu wake uko kwingine: hakuna anayekufuatilia. Mwanafunzi wa Mlimani akipotea wiki tatu, wenzake watampigia. Wa Huria akipotea miezi mitatu, simu itakayoita ni ya benki. Kwa hiyo kama wewe ndiye yule ambaye andalio la somo huliandika Jumapili usiku, au siku mkaguzi yuko getini, jitafutie wenzako wawili wa kusoma nao kabla hujalipa. Kundi la WhatsApp lenye watu mia na ishirini halitoshi. Watu wawili, mnaokutana Jumamosi, mnaoonyeshana kurasa.

Sasa tasnifu. Mlimani, msimamizi wako yuko ofisini, au walau unajua mlango wake na unaweza kusubiri nje. Huria, msimamizi anaweza kuwa kituo cha mkoa mwingine, na mnazungumza kwa barua pepe. Ndiyo maana kwa Huria ningefanya kazi moja ya ziada mapema: soma nani kati ya wahadhiri wa kitivo cha elimu ameandika kuhusu jambo linalokusumbua, mwandikie kwa adabu, ukurasa mmoja, ukieleza unachotaka kuchunguza. Ukipangiwa mtu ambaye fani yake ni uchumi wa elimu wakati wewe unachunguza maswali ya kuchagua jibu, mtateseka wote wawili. Mlimani pia fanya hivyo, ila pale kosa la kupangiwa mtu asiyefaa hurekebishwa kwa kutembea.

Kibali cha utafiti ni rahisi kwa njia hizi mbili. Chuo kinakupa barua ya utafiti, unakwenda nayo mkoani, wilayani, kwa mkurugenzi, hadi kwa mkuu wa shule. Mihuri ni mingi, ila njia inajulikana.

Kipindi hiki kina utajiri wa mada

Sijawahi kuona wakati mzuri zaidi wa kuandika tasnifu ya mitaala Tanzania. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10 na kupunguza shule ya msingi kuwa miaka 6. Mtaala mpya ulianza kufundishwa Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, pamoja na kidato cha kwanza cha mkondo wa amali, yaani wa ufundi, katika baadhi ya sekondari. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watamaliza la saba. Makundi mawili, mitaala miwili, mlango mmoja wa kidato cha kwanza. Mtu anayetafuta mada na hajaona hapo kitu, sijui anatafuta nini.

Unaweza kuchunguza jinsi walimu wa Ilala wanavyopima umahiri darasani kwenye wanafunzi zaidi ya mia. Unaweza kulinganisha alama za upimaji endelevu wa shule na alama za mtihani wa taifa. Tumekuwa na upimaji endelevu tangu enzi za Azimio la Musoma la 1974, na bado kuna shule ambazo alama zake huandikwa kwa wino mmoja, siku moja. Unaweza kufuatilia jamii za kujifunza za walimu chini ya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, na kuona kama zinabadilisha chochote saa ya kipindi. Haya yote yanahitaji uwe karibu na madarasa. Mihtasari na vitabu viko wazi kwenye maktaba mtandao ya TET. Data unaishi nayo.

Tatizo dogo ambalo hutaambiwa siku ya udahili: tasnifu utaiandika kwa Kiingereza, lakini ukichunguza shule ya msingi ya serikali, hojaji na mahojiano yatakuwa kwa Kiswahili. Kutafsiri mahojiano ya walimu ishirini ni kazi ya wiki nyingi. Itie kwenye ratiba.

Upanga

Taasisi ya elimu ya Aga Khan ipo Dar tangu 2006, na wanafunzi wake wametoka Tanzania, Kenya na Uganda. Darasa ni dogo na mkazo uko kwenye mwalimu kuchunguza ufundishaji wake mwenyewe. Kama ndoto yako ni kuwa mkufunzi wa walimu, au mtu anayebadilisha shule moja kutoka ndani, hapa panakufaa kuliko Mlimani. Kama unataka takwimu za upimaji, hapana. Ada bila ufadhili ni nzito kwa mwalimu wa kawaida. Swali la kwanza la kuwapigia simu ni kama mwaka huo kuna ufadhili, na kwa masharti gani. Jibu hilo litamaliza maswali mengine yote.

London

Huko fani hii ina historia. Mwaka 1998, Paul Black na Dylan Wiliam wa King's College London walikusanya ushahidi wa tafiti nyingi kuonyesha kwamba upimaji unaofanyika wakati wa kujifunza, ule wa kumrudishia mwanafunzi maoni badala ya alama, huinua kiwango cha kujifunza. Taasisi ya elimu iliyo chini ya University College London tangu Desemba 2014 ndiko alikokuwa mwanasosholojia wa elimu Basil Bernstein, na ndiko mwenzake Michael Young alikojenga hoja yake kwamba mtaala ukisahau maarifa na kushika stadi tupu, mtoto wa maskini ndiye anayepoteza. Kwa nchi inayoingia kwenye umahiri na amali, hiyo ni hoja ya kwenda kuisikiliza. (Na si mgeni kwetu: Mlimani yenyewe ilianza 1961 mtaa wa Lumumba kama chuo kishiriki cha University of London.)

Uzamili wa Uingereza ni mwaka mmoja. Hilo ni zuri kwa ruhusa na baya kwa tasnifu. Kozi huisha majira ya kuchipua, na muda wa utafiti unaangukia Juni hadi mapema Septemba. Juni shule zetu ziko likizo. Ukirudi Dar kukusanya data, utakuta madarasa yamefungwa hadi Julai, na kwa sababu unatoka chuo cha nje utapaswa kupitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa kibali chako. Wanaoponea hapo ni wale wanaoamua mapema kuandika tasnifu ya nyaraka: kulinganisha mihtasari, kuchambua karatasi za mitihani ya zamani, kusoma sera. Ukitaka kukaa nyuma ya darasa la Mbagala na daftari, London si njia yako.

Fedha ndizo zinazofunga mjadala. Ada ya mwanafunzi wa kimataifa kwenye vyuo vikubwa vya London huvuka pauni 25,000 kwa mwaka, kabla ya chumba na chakula, na ada ya huduma ya afya inayolipwa pamoja na viza ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi. Ongeza mtihani wa Kiingereza na kipimo cha kifua kikuu. Hakuna mwalimu wa kuuza kiwanja kwa ajili ya hili, na anayekushauri ukakope benki hakutakii mema. Nenda kwa ufadhili au usiende. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, ambao mwalimu wa miaka miwili anao, na inakutaka urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Fomu hufunguliwa Agosti. Jumuiya ya Madola nayo ina ufadhili wa Uingereza, ikiwemo wa kusoma kwa masafa ukiwa nyumbani, na huo wa masafa walimu wengi hawaufahamu. Unakaa Tabata, unafundisha, unasoma chuo cha Uingereza, na data zako ziko darasani mwako. Kama fani yako imo kwenye orodha ya mwaka huo, naiweka juu ya safari yenyewe. Ukimaliza, peleka cheti Tume ya Vyuo Vikuu kitambuliwe. Na kabla ya kujiunga na chuo chochote cha nje cha mtandaoni, waulize kwanza kama wanakitambua.

Ruhusa kabla ya fomu

Mtumishi wa umma aanze kwa mkurugenzi wa halmashauri, kupitia mkuu wa shule, aingizwe kwenye mpango wa mafunzo. Fomu ya udahili ije baadaye. Nimeona walimu waliopata nafasi Oktoba wakapata ruhusa Februari, na wengine walioanza bila barua wakajikuta wakijieleza mbele ya afisa utumishi. Wakati uko ofisini kwake, muulize kwa maandishi shahada hiyo itakufanyia nini kwenye muundo wa utumishi: kama cheo kitabadilika, na kama ni kwa fani yoyote ya elimu au iliyotajwa tu. Waombaji wa Huria nao wafanye hivyo ingawa hawaondoki kituoni, kwa sababu siku ya kupeleka cheti kwenye jalada, swali la kwanza litakuwa nani alikuruhusu. Chuo chochote utakachochagua, GPA (wastani wa ufaulu) ya shahada ya kwanza iliyo chini ya 2.7 huleta shida, na hapo uliza mapema njia mbadala kabla hujalipia fomu.

Kuhusu muda wa kuanza: epuka mwaka unaofundisha darasa la mtihani, au unaotegemea kuitwa kusahihisha Desemba. Semista ya kwanza ya uzamili huwa bado inaendelea kipindi hicho, na posho ya usahihishaji ina nguvu ya kumtoa mtu maktaba kuliko anavyokubali kusema.